Biarusi Alipogeuka Mwekundu

Kaka yangu alirudi likizo kutoka shule ya Kwale akiwa na nguo chafu, deni la usingizi, na kijitabu chembamba cha karatasi za litmasi, zile za kupimia asidi na alkali kwa kugeuka rangi, ambazo aliapa kwamba mwalimu wake alimpa ili afanyie marudio. Mimi sikuuliza zaidi. Mtu akikuletea halua, humwulizi sukari aliipata wapi.

Marudio yalikuwa yake, lakini mtihani ulikuwa wa sisi wawili. Yeye alikuwa na wa shule, ambao alikuwa ameushindwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa na wangu, na huo ndio ulioninyima usingizi. Bwana dawa wa hospitali ya Msambweni, yule aliyekaa chumba cha chupa akichanganya dawa, alikuwa amepeleka habari vijijini kwamba anataka msichana ajuaye kusoma, amsaidie kazi. Wanawake wengi walikuwa wakikataa kumweleza mwanamume wanaumwa wapi. Wengine walikuwa wakimwonyesha bega ilhali kinachouma ni kitu kingine kabisa. Msichana huyo angetahiniwa kwa mdomo, mambo ya mwanzo ya kemia, kwani bwana dawa hakutaka mtu wa kumchanganyia sumu na sukari.

Mimi nilikuwa nimefika darasa la sita. Baada ya hapo baba alisema kwamba barua naweza kuisoma, Kurani nimeshahitimu, kilichobaki ni kujifunza kukuna nazi bila kujikuna vidole. Nilipomwomba ruhusa ya kwenda kutahiniwa, alikohoa, akatazama paa, akasema, "Mwulize bibi yako." Nyumbani kwetu Munje mambo yalikuwa hivyo: baba alikuwa na sauti kubwa, na mama yake alikuwa na neno la mwisho.

Bibi hakukataa wala hakukubali. Alisema arusi ipite kwanza, naye ataitazama hiyo elimu yangu imekaaje, ina sura ya watu ama haina. Arusi yenyewe ilikuwa ya binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyelelewa kwetu tangu aachishwe ziwa. Basi nikawa na wiki moja ya kujifunza kemia na kumfurahisha bibi, na katika haya mawili sijui lipi lilikuwa gumu.

Tulifanya marudio yetu jikoni, kwa sababu mimi nilikuwa nimepangiwa kuchagua mchele wa arusi na kaka alikuwa hajapangiwa kitu. Alikuwa anakalia mbuzi ya kukunia nazi kama kadhi kitini, daftari magotini, ananiuliza. Hali za vitu ni ngapi? Nikamwonyesha samli: asubuhi ngumu, karibu na moto ni maji, na ukiisahau jikoni inapanda hewani na mama anapanda nayo. Akaandika jibu langu. Nilipomwuliza kwa nini anaandika, alisema ni la kwake pia.

Tukafika kwenye mchanganyiko na muungano, mahali alipoangukia katika mtihani. Kitabu kilikuwa kimeeleza kwa maneno marefu sana. Mimi nilitazama ungo wangu, nikamwambia kwamba mchele na chuya ni mchanganyiko: wamekaa pamoja lakini hawajaoana, ukipepeta kila mmoja anarudi kwao. Muungano ni ndoa. Vitu vimeshaoana, tabia zao za zamani zimekwisha, na huwatoi ila kwa moto au kwa kadhi.

Kaka aliliandika na hilo. Kisha akaniambia kwamba chumvi, hii tunayotia kwenye maharagwe, ni ndoa ya vitu viwili: kimoja kikigusa maji chawaka, na kingine ni hewa ya sumu inayoua watu. Nilidhani ananitania. Aliponionyesha kitabuni, niliinuka nikaenda kuitazama chumvi kwenye kibaba. Siku nzima ile nilikuwa naionea huruma. Nilimfikiria yule bwana wa kuwakawaka na yule bibi wa sumu, hakuna jirani anayewataka, mpaka wakaonana wao kwa wao wakatulia, sasa wanaalikwa kila sufuria ya dunia. Mchuzi wa mchana ulikosa chumvi, nikagombezwa.

Zile karatasi za litmasi hazikumaliza hata alasiri moja. Tulipima ndimu, tukapima maziwa, mate ya kaka, mate yangu, maji ya kisima, wino, na jasho la punda wa jirani, ambaye hakupenda sayansi. Karatasi ya mwisho ilipokwisha, kaka alihuzunika, kisha akakumbuka kwamba mwalimu aliwaambia manjano ya jikoni nayo hufanya kazi ile ile kwa upande mmoja. Tukakoroga manjano kwa maji ya moto, tukachovya vipande vya karatasi nyeupe, tukavianika kwenye kamba ya nguo. Na kweli. Ukiigusisha karatasi ile na ndimu, hubaki manjano vile vile, kwani ndimu ni asidi. Ukiigusisha na sabuni, majivu, magadi au chokaa, ambazo ni alkali, papo hapo hugeuka nyekundu. Ukiirudishia ndimu, inarudi rangi yake, kama kwamba hakikutokea kitu. Niliifanya mara nyingi hata vidole vikanibadilika rangi. Sijawahi kupewa zawadi iliyonifurahisha vile.

Sasa, kijana mwenye furaha na kitu cha kugeuza rangi, na nyumba imejaa watoto wa wageni wa arusi, unategemea nini?

Visheti vilikuwa vimepungua kwenye debe. Niliwapanga watoto ukutani, nikawaambia kwamba karatasi hizi zimetoka shuleni Kwale na zajua mwongo. Kila mtu atalamba yake, kisha nitaishika, na ya mwizi itageuka nyekundu. Kidole changu nilikuwa nimekichovya kwenye povu la sabuni. Mtoto wa kwanza kwenye mstari hakungoja hata kulamba. Alilia kwamba hakuwa peke yake, na kaka pia alikula, tena alikula vingi. Sote tukageuka. Kaka alikuwa juu ya mbuzi yake, mdomo umejaa.

Kicheko kile kilimtoa bibi chumbani. Wanawake wa jirani waliokuja kusaidia walikuwa wamekaa barazani wakimenya vitunguu, wakamweleza. Bibi alipenda mzaha kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Mimi alikuwa akiniita mke mwenzangu, akidai nilizaliwa ili kumnyang'anya babu, ingawa babu alikufa nikiwa bado natambaa.

"Mke mwenzangu," alisema, "hebu nipe nami moja. Sijapata kumdanganya babu yako hata siku moja. Nipime, hawa waone."

Akatoa ulimi. Wallahi mkono wangu safari hii ulikuwa safi, nilikuwa nimeunawa. Niliitaka ile karatasi ibaki manjano kuliko alivyotaka yeye. Niliiweka ulimini, nikaitoa, na hapo hapo ikageuka nyekundu kama ua la mkomamanga.

Wanawake walinyosha shingo kuitazama. Kisha mmoja wa wamenya vitunguu akauliza, kwa upole sana, "Bibi, alikuwa nani?" Na baraza zima likaanguka.

Bibi hakucheka. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba elimu ya kumwaibisha mzee mbele ya watu haina sura, ameshaiona, na hospitali nisiiwazie tena. Akaingia ndani.

Kaka ndiye aliyegundua, naye ilimchukua muda mfupi tu: bibi alikuwa akibwia tumbaku, na tumbaku yake alikuwa akiikoleza kwa chokaa. Chokaa ilikuwa chini ya mdomo wake mchana kutwa. Nilikimbia kumweleza, akainua kiganja nisizungumze. Nilijaribu tena wakati wa chakula, akageuza sinia. Habari ilifika kisimani kabla ya magharibi. Kesho yake ikafika Msambweni, na huko bibi akawa ameshasingiziwa mwanamume fulani wa Gazi, marehemu, ambaye mimi naamini hawakuwahi hata kuamkiana. Wale wazee wenziwe wakimpita wakawa wanasema "shikamoo" kwa kuivuta mwisho. Aliacha kukaa barazani. Hilo liliniuma zaidi ya hospitali, ingawa hospitali nayo iliniuma. Mtihani ungekuwa wiki ile ile baada ya arusi, na wasichana wengine wawili wa upande wa Diani walikuwa wameshajiandikisha.

Marudio tuliendelea nayo, mimi nikiwa sina mtihani tena. Nilimwambia kaka namsaidia yeye. Alinijua nasema uongo bila karatasi.

Siku ya arusi ilifika. Wiki nzima biarusi alikuwa ndani akisuguliwa singo: liwa, manjano, mawaridi, karafuu, vyote vimesagwa pamoja. Kwa kawaida singo hutolewa polepole, kwa maji ya mchele na mkono mlaini. Lakini watu wa bwana arusi, waliotoka Shimoni, walifika mapema kuliko ilivyosemwa, na wanawake wao walikuwa wameshakaa uani wakitaka kumwona mke wao. Shangazi, mama wa biarusi, aliingiwa na haraka. Aliona manjano yamenasa viwikoni, shingoni na miguuni, akaogopa watasema wameozwa binti wa bizari. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakoroga na magadi ya kupikia maharagwe, akamsugua mwanawe kwa nguvu zake zote.

Tulimsikia biarusi kabla ya kumwona. Nilipoingia chumbani, alikuwa amesimama ndani ya beseni, kanga kifuani, na kuanzia shingo mpaka vifundoni alikuwa mwekundu mabaka mabaka kama kaa aliyechemshwa. Alikuwa akilia bila sauti, machozi tu. Shangazi kadiri alivyoona wekundu ndivyo alivyozidi kutia sabuni. Mwanamke mmoja akasema ni surua. Mwingine akasema si surua, ni husuda, kuna mtu amemtia jicho. Wa tatu akanitazama mimi.

"Si yule wa karatasi nyekundu huyu?"

Basi wote wakanitazama. Nilisema sijamgusa. Nikasema kwamba ni sabuni, shangazi aache sabuni kwanza, aweke chini. Shangazi akaniuliza kama sabuni ameanza kuijua leo. Ndipo wakamwita bibi.

Bibi aliingia, akafunga mlango, akamtazama mjukuu wake aliye katika beseni, kisha mimi. Nilifikiri ataniuliza nimefanya nini.

"Waweza kuutoa wekundu huu?" aliuliza.

Nikasema naweza, nahitaji ndimu. Shangazi akapaza sauti kwamba huyu ni mtu, si samaki wa kupaka. Bibi hakumjibu. Aliniashiria kwa mkono, kama kusema onyesha. Niliichota singo iliyobaki kwenye kibakuli, nikajipaka mwenyewe mkononi, nikajisugua kwa sabuni ile ile. Nikawa mwekundu. Nikakata ndimu, nikaikamulia hapo. Wekundu ukaondoka mbele ya macho yao, ikabaki manjano. Hakuna aliyesema husuda tena. Yule wa surua alisogea karibu, akataka nirudie.

Kosa langu lilikuwa kumpaka biarusi ndimu tupu, bila maji. Nilikuwa nimesahau kwamba asubuhi ile walikuwa wamemnyoa vinyweleo vyote. Alipiga ukelele, na biarusi yule mpole, aliyekuwa amefundishwa wiki nzima kuinamisha macho, akanitajia matusi ambayo hata mabaharia wa Shimoni hawayajui. Uani watu wa bwana arusi wakadhani ni furaha, wakajibu kwa vigelegele.

Basi nikazimua ndimu kwa maji mengi. Nikawa nampaka kwa kitambaa, bega moja, mkono mmoja, huku nikimpuliza kama mtoto, naye akiniapiza kwa sauti inayopungua. Wekundu ukaondoka wote. Yakabaki yale manjano, na ndimu haiondoi manjano, inayarudisha tu. Hapo nilikwama. Kitabuni hilo halikuwamo. Nikakumbuka mchuzi wa nazi: ukitulia, rangi ya manjano yote hupanda juu na mafuta, maji chini yakabaki meupe. Maana yake rangi ile hukaa mahali inapopenda, na inapenda mafuta. Nikaomba mafuta ya nazi. Tukampaka, tukafuta kwa kitambaa laini, tukampaka tena. Kila kitambaa kilitoka na manjano yake. Binamu yangu akatoka chini yake mweusi mzuri, anang'aa, ananukia mawaridi na nazi, ana hasira kidogo ambayo ilimpendeza.

Shangazi alikaa chini akajifuta uso kwa upindo wa leso, akasema yeye alikuwa anataka tu aonekane safi. Nilimhurumia, nikamwambia sabuni yake ingegeuza hata singo ya malkia.

"Sabuni peke yake?" Bibi aliuliza kutoka pembeni.

"Sabuni, magadi, majivu," nilisema. "Na chokaa."

Aliingiza ulimi chini ya mdomo, pale tumbaku yake ilipokaa. Akafikiri. Niliona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayehesabu vibaba akaona chake hakikupotea.

"Hilo la mwisho sema tena."

"Chokaa, bibi."

"Kwa sauti. Wale walio mlangoni hawasikii."

Nilisema kwa sauti. Nikaeleza na tumbaku yenyewe, na kwamba karatasi ile haijui uongo, inajua chokaa tu, na kwamba yeyote aliyeko humu anayebwia tumbaku angegeuka mwekundu vile vile. Wanawake wawili wakafumba midomo. Yule aliyeuliza barazani "alikuwa nani?" alianza kutafuta kanga yake. Bibi alimwambia akae, asiogope, marehemu wa Gazi amemsamehe.

Kisha akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia?"

Nikasema nilijaribu, akageuza sinia.

"Mke mwenzangu, mtu akigeuza sinia unamzungukia upande wa pili." Akaangalia wanawake wote mmoja mmoja, ili pasiwe na wa kusema hakusikia. "Huyu atakwenda hospitali. Nampeleka mwenyewe. Na mwanangu akikohoa, nitamtolea karatasi."

Biarusi akatolewa nje, watu wa Shimoni wakamsifu ngozi, wakataka kujua singo yetu ina nini. Shangazi aliwaambia ni siri ya ukoo.

Tulikwenda Msambweni kwa miguu, bibi mbele. Bwana dawa alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, aliyezoea kunong'ona. Aliniuliza tofauti ya mchanganyiko na muungano, nikamweleza ile ya ndoa na kadhi, akaandika kitu huku akijizuia kucheka. Aliniuliza asidi na alkali zikikutana kunakuwa nini. Kabla sijajibu, bibi, ambaye hakualikwa kuingia, alisema kwamba inategemea kama zimekutana kwa biarusi. Bwana dawa akamwomba kwa heshima angoje nje. Kisha akaniuliza nikiokota chupa isiyo na jina, nitajuaje ina nini. Hapo niliwaza karatasi zangu zote, na ujanja wangu wote. Nikasema sitajua. Nitaiweka kando, sitaionja, sitaipima kwa mtu, nitamwita yeye. Alivua miwani akaifuta. Aliniambia wale wengine wawili kila mmoja alisema angeinusa.

Nilianza Jumatatu. Sikupewa dawa hata moja. Nilipewa pipa la chupa, brashi ya mpini mrefu, na maji ya moto. Bibi alikuwa amenisindikiza, akasema atapumzika kidogo ndipo arudi. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Nilipotazama tena, wanawake walikuwa wamemzunguka, kila mmoja anamweleza kwa sauti ya chini anapoumwa hasa, wala hakuna aliyeshika bega. Bwana dawa alichungulia dirishani, akatazama muda mrefu, akaniuliza kwa kunong'ona kama yule mama naye ameomba kazi.

Nikasema hapana, amekuja kutazama tu. Akarudi kwenye chupa zake. Nami nikazamisha brashi katika maji, maana zangu zilikuwa bado nyingi.